Nani Aliichora Ngamiani, na Nani Ataichora Sasa?



Mtu wa Ngamiani akikuelekeza kwake hakusumbui. Atakutajia namba ya barabara, atakwambia ushuke upande wa msikiti au upande wa gereji, kisha atamalizia kwa jina la mwenye nyumba. Miji mingi ya kale ya pwani yetu, kama Pangani, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, imejikunja kwa vichochoro, na mgeni hupotea kabla hajamaliza kusalimia. Ngamiani imenyooka kama ukurasa wa daftari la hesabu. Barabara zinafuatana kwa namba, na mitaa inazikata kwa pembe mraba. Mimi ambaye kazi yangu ni hesabu nimependa jambo hilo tangu nikiwa mdogo.

Lakini mistari ile haikuchorwa na babu zetu, wala haikuchorwa kwa ajili yao. Katika makala hii nimejaribu kueleza mambo matatu: nani aliuchora mtaa wetu na kwa sababu gani, jinsi watu wa kawaida wa Kibera, Tandale na kwingineko walivyoanza kuchora mitaa yao kwa mikono yao, na kwa nini chama chetu kimeiweka kazi ya namna hiyo kwenye michango ya mwaka huu.

Ramani ya reli na ya kodi

Jina Ngamiani limebeba ngamia ndani yake, na hilo peke yake linatukumbusha kwamba Tanga ilikuwa mji wa safari kabla ya kuwa mji wa reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikiwa reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli na mkonge ndivyo viwili vilivyoijenga Tanga tunayoijua.

Wajerumani walihitaji bandari, stesheni, maghala, na mahali pa kulaza watu wa kazi. Waliupanga mji kwa mafungu. Upande wa bahari palikuwa pao na ofisi zao, katikati palikuwa pa biashara, na kusini ya reli wakawekwa Waafrika. Fungu hilo la kusini ndilo Ngamiani. Mistari iliyonyooka ilirahisisha mambo mengi: kupitisha mkokoteni, kuzuia moto usiruke nyumba hadi nyumba, kupita askari, na kuhesabu nyumba. Hili la mwisho si dogo. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba na vibanda. Nyumba iliyo kwenye mstari wenye namba haikosekani kwenye daftari la mkusanya kodi.

Wazee wetu waliielewa namba vizuri kuliko tunavyodhani. Vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye vitabu vya shamba. Ndiyo maana hadi leo ukimkaribia mtu mlangoni ukiwa na kalamu na karatasi, jambo la kwanza analouliza ni: "Mnataka nini tena?" Swali hilo lina zaidi ya miaka mia moja.

Tanga pia ni mahali ambapo kutoujua mji kuligharimu maisha ya watu. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli kutoka India. Walishukia upande wa Ras Kasone, penye mikoko na magenge, bila kuipeleleza vya kutosha ardhi iliyokuwa mbele yao. Wajerumani walikuwa na askari wapatao 1,000 tu, wengi wao askari wa Kiafrika. Lakini kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alifika kwa treni, na usiku wa kabla ya pambano akauzunguka mji kwa baiskeli kuuona kwa macho yake. Tarehe 4 Novemba Waingereza walipotea vichakani, wakavamiwa na nyuki, na kesho yake wakarudi melini wakiacha silaha nyingi. Sisi hupenda kusimulia habari ya nyuki, na hatuikumbuki sana ile baiskeli. Aliyezunguka mji akaujua ndiye aliyeshinda, na mji wetu mpaka leo ni mji wa baiskeli.

Waingereza walipoishika nchi waliendeleza utaratibu uleule wa viwanja na vitalu. Baada ya Uhuru Serikali yetu iliurithi. Lakini mji ulikua haraka kuliko meza ya mpima ardhi. Makorora, Mabawa, Msambweni na mitaa mingine ilijaa watu, na Ngamiani yenyewe ikagawanyika kuwa kata tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Tanga ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332. Nyumba ya vyumba sita iliyojengwa kwa familia moja sasa ina wapangaji sita na fremu mbili za duka mbele. Ua umejengwa, kichochoro kimezibwa, na mfereji uliokuwa nyuma ya nyumba umefunikwa kwa zege. Ramani ya zamani haijui habari hizo.

Watu walipoanza kujichorea

Wazo kwamba ramani inaweza kuokoa maisha si geni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 katika kitongoji kimoja cha London kwa muda wa siku chache. Daktari John Snow aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani ya mitaa, akaona alama zimelizunguka bomba moja la maji la Broad Street. Mpini wa bomba ukaondolewa. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Ramani ilisaidia kuonyesha kuwa unaletwa na maji.

Lililo geni ni kwamba ramani sasa inaweza kuchorwa na mtu yeyote. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayojengwa na watu wanaojitolea, kila mmoja akiongeza anachokijua. Data zake ni huria: mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzichapa na kuzitumia bila kulipa, mradi ataje zilikotoka na maboresho ya data hizo yabaki huria vilevile. Januari 2010 tetemeko la ardhi lilipoibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, watu kutoka nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta zao wakachora barabara na majengo kutoka kwenye picha za satelaiti. Katika siku chache waokoaji walikuwa na ramani ambayo haikuwapo kabla.

Afrika Mashariki haikungoja. Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuzunguka mtaa wao na vifaa vya GPS katika mradi ulioitwa Map Kibera. Kibera ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, shule, zahanati, makanisa, misikiti na masoko, lakini kwenye ramani zilizokuwapo ilionekana kama doa tupu, au kama msitu. Vijana waliiandika nyumba ya ibada kwa nyumba ya ibada, choo kwa choo, bomba kwa bomba. Walijifunza pia jambo ambalo nataka tulishike: ramani iliyoko kwenye intaneti peke yake haimfikii mama muuza mboga. Baadaye ramani za usalama, afya na shule zilichapwa kwenye karatasi, nyingine zikachorwa kwa rangi kwenye kuta za mtaa ambapo kila mpita njia aliweza kuziona.

Mwaka 2011 kazi kama hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam, kwa kuwaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wenyewe. Mwanafunzi alijua kompyuta. Mkazi alijua kichochoro gani kinapitika usiku, na maji ya mvua husimama wapi. Desemba ya mwaka huohuo mvua kubwa iliinyeshea Dar es Salaam, na watu wapatao 40 walipoteza maisha. Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, ulifurika hadi Jangwani. Waliokumbwa walikuwa wengi wao watu wa mabondeni, ambao nyumba zao hazikuwa kwenye ramani.

Kutokana na uzoefu huo, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Ulisaidiwa na Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu, na ndani yake walikuwamo COSTECH, Chuo Kikuu cha Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ofisi za kata na wakazi. Wanafunzi waliitumia kama mafunzo yao ya vitendo. Utaratibu wao si mgumu, na nauandika hapa kwa sababu ndio tunaokusudia kuufuata. Kwanza picha ya angani hupatikana, ya satelaiti au ya ndege isiyo na rubani, na watu wa kompyuta huchora juu yake paa na barabara. Kisha picha hiyo huchapwa vipande vipande, na vijana huingia nayo mtaani wakiongozana na mjumbe au mtu anayeaminika. Huandika ambacho picha haioneshi: jengo hili ni zahanati, kalavati hili limeziba, mfereji huu una kina gani na unaelekea wapi. Jioni hurudi kuyaingiza waliyoyaandika. Kata zaidi ya 20 zilichorwa katika awamu ya kwanza, na baadaye kazi ikaendelea katika maeneo mengine ya jiji, hasa kwenye mifereji. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Kinondoni, jiji lilikumbushwa tena maana ya kujua maji machafu yanapita wapi.

Huko Mara kazi hiyo ilichukua sura nyingine. Kuanzia mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map walichora vijiji ambavyo vilikuwa kama havipo kwenye ramani, ili nyumba salama iliyoko Mugumu iweze kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Msichana anapopiga simu usiku na kutaja jina la kitongoji, dereva lazima ajue njia. Na Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha wenyewe ndege zisizo na rubani kuipiga picha Unguja na Pemba. Kazi ambayo zamani ingengoja mkandarasi wa nje na ndege ya kukodi ilifanywa na vijana wa visiwani.

Somo la miji ya vilima

Wengine mtasema: Ngamiani ni tambarare, barabara zimenyooka, tuna haja gani? Naomba tuitazame kwanza miji ya vilima, maana huko ndiko ramani ya karatasi hudanganya zaidi. Pale Mwanza, kwenye mitaa kama Igogo na Mabatini, nyumba zimepanda juu ya mawe. Kwenye ramani, nyumba mbili zinaweza kuwa mita mia moja tu kutoka moja hadi nyingine, lakini kati yao kuna jabali, na mtu lazima azunguke au apande ngazi za mawe. Gari la wagonjwa haliwezi kufika, na mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani. Mchoraji aliye London au Berlin anaona paa tu kwenye picha. Anayejua kwamba njia hii ni ngazi na ile hupitika kwa miguu wakati wa kiangazi pekee ni mtu anayeipanda kila siku. Ndiyo maana mji wa vilima hauwezi kuchorwa bila wenyeji.

Sisi hatuna majabali, lakini tuna maji. Maji hayasomi namba za barabara, hufuata mteremko. Kwenye mlima mteremko unaonekana kwa macho. Kwenye tambarare mteremko wa kiganja kimoja ndio unaoamua nyumba ipi itaingia maji na ipi itabaki kavu, na hakuna anayeujua kuliko mama aliyehamisha magodoro kila masika. Hata vilima vinatuhusu. Mto Zigi unatoka Usambara Mashariki, upande wa Amani, na maji tunayokunywa mjini yanatoka kwenye bwawa la Mabayani lililojengwa juu ya mto huo. Mji wa bondeni una hisa kwenye mlima wake.

Hesabu ya mhasibu

Katika kazi yangu kila taasisi hutakiwa kuwa na rejista ya mali za kudumu. Isiyoandikwa humo haikaguliwi, haitengewi fedha za matengenezo, na siku ikipotea hakuna anayeulizwa. Ngamiani ina mali nyingi za pamoja: mifereji, makalavati, taa za barabarani, visima, mabomba, shule, zahanati, viwanja vya kuchezea, makaburi. Je, rejista yetu iko wapi? Tunapokwenda kwa mheshimiwa diwani kuomba mfereji, tunakwenda na malalamiko. Tungekwenda na karatasi inayoonesha mfereji unaanzia wapi, umekatika wapi na nyumba ngapi zinaathirika, mazungumzo yangekuwa mengine. Bajeti hujibu namba kuliko inavyojibu huruma.

Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imetusaidia: barabara zimewekewa vibao na nyumba zimepewa namba. Huo ni mwanzo mzuri, lakini anwani inaonesha ulipo, haioneshi unakosa nini.

Wapo wenye hofu, na hofu yao ina historia niliyoieleza hapo juu. Ramani ilileta kodi. Wengine wanasema italeta bomoabomoa, au itawapa madalali njia ya kuwinda viwanja vya yatima. Hofu hizi tusizipuuze, na data huria zinazidisha umuhimu wake, kwa kuwa kinachowekwa wazi kinaonwa na wote, mwema na mbaya. Kwa hiyo kamati imeafikiana kuhusu mipaka. Tutachora vya pamoja: njia, maji, mifereji, huduma. Hatutaandika majina ya wenye nyumba, idadi ya wapangaji, wala habari za mirathi. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wataarifiwa kabla ya kazi kuanza, na ramani itabandikwa wazi ili mkazi aseme palipokosewa kabla haijapelekwa popote.

Kuna jambo la pili ambalo mhasibu hawezi kulinyamazia. Ramani huchakaa kama gari. Mtaa uliochorwa leo, baada ya miaka mitano utakuwa na nyumba mpya na vichochoro vilivyokufa. Miradi mingi ya namna hii ilichangamka wafadhili walipokuwapo, ikapoa walipoondoka. Kwa hiyo tusichangie mchoro wa siku moja. Tuchangie vijana wachache wenye ujuzi, waliozaliwa humu, watakaorudia kazi hii kila mwaka baada ya masika.

Kuna jambo la tatu, nalo halimo kwenye rejista yoyote. Wazee wanaojua kisima kipi kilikuwa wapi, mtaa upi uliitwaje kabla haujapewa namba, na ngoma ilichezwa uwanja gani, wanatuondokea mmoja mmoja. Ramani huria ina nafasi ya jina la zamani kando ya jina jipya. Tukiwatuma vijana na karatasi zao, wakae pia barazani na wazee hao, maana likishaondoka na mwenyewe hakuna satelaiti itakayolirudisha.

Tunachowaomba

Mji wetu unasifika kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Wengi wetu tuliondoka kweli: tupo Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, Uingereza na kwingineko. Zamani aliye mbali aliweza kutuma fedha tu. Kazi hii ni tofauti. Mtu aliyeko Muscat akiwa na kompyuta na saa mbili za Ijumaa jioni anaweza kuchora mapaa ya barabara aliyozaliwa, na kijana wa Ngamiani Kati akaenda kesho yake kwa baiskeli kuthibitisha. Anayetaka kujitolea hivyo aandikishe jina lake kwa katibu.

Kwa upande wa fedha, programu za kuchorea ni za bure na simu janja vijana wanazo. Zinazohitajika ni gharama ndogo ndogo: kuchapa karatasi, bando la intaneti, posho ya chakula kwa wanaozunguka juani, mafunzo ya siku chache, na kuchapa ramani kubwa tatu za ukutani, moja kwa kila ofisi ya kata. Makadirio yamo kwenye ukurasa wa mweka hazina, na matumizi yatasomwa hadharani kwenye mkutano mkuu, risiti mkononi.

Mara ya kwanza Ngamiani ilichorwa na watu wasiolala humo, kwa faida ambayo haikuwa yetu, nasi tukaishi ndani ya mistari yao kwa zaidi ya miaka mia moja. Tukaigeuza kuwa kwetu. Mara hii kalamu ipo mikononi mwetu, na masika yanakuja. Karibuni tuchangie.